Kazi Imfae Mtu: Uhakiki wa Istilahi za Kituo cha Kazi Viwandani

Utangulizi

Katika lugha ya sheria na ya maelekezo, kosa la jina huonekana upesi, lakini kosa la kitenzi hujificha. Jina lisilofaa humfanya msomaji akwame na kuuliza. Kitenzi kisichofaa humwacha apite bila kujikwaa, huku amebeba maana ambayo haikukusudiwa. Makala hii inahakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika, au zinazopendekezwa kutumika, katika fani ya kupanga mahali anapofanyia kazi mfanyakazi wa kiwanda cha kuunganisha vitu kama magari, pikipiki, baiskeli, redio na vyombo vingine vyenye vipande vingi. Fani hii ni ngeni kidogo katika vitabu vyetu, ingawa taabu inayoishughulikia si ngeni hata kidogo kwa mgongo wa mfanyakazi.

Tuanze na sentensi moja: "Mfanyakazi alinganishwe na kituo chake cha kazi." Sentensi hii tumeitunga sisi kwa ajili ya mjadala, lakini kila kipande chake kimetokana na mazoea ya tafsiri tunayokutana nayo katika mabango, miongozo na rasimu za nyaraka. Imekusudiwa kusema kwamba kazi ipangwe ili imfae anayeifanya. Katika maneno saba imefanya makosa matatu: imemgeuza mtu kuwa ndiye anayerekebishwa, imetumia jina ambalo mtumishi wa serikali atalielewa vingine, na imemficha mwenye wajibu. Makosa haya matatu ndiyo tutakayoyafuata.

Wakati wa kuyafikiria ni huu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2003 kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa sheria nyingi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo maneno ambayo zamani yangeishia ubaoni katika chumba cha mafunzo, sasa yanaweza kuishia mbele ya hakimu. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri achukue hatua ili vituo, vifaa na majukumu yafae mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga na mkazo wa akili. Msomaji atazame muundo wa agizo hilo: mtendaji ni mwajiri, kinachorekebishwa ni kituo na kifaa, na anayefaidika ni mfanyakazi. Tafsiri yoyote inayobadili nafasi za hawa watatu si tafsiri tena. Ni sheria nyingine.

Jina la elimu yenyewe

Elimu tunayoizungumzia ilipewa jina kwa mara ya kwanza mwaka 1857 na msomi wa Kipoli, Wojciech Jastrzębowski, aliyeunga maneno mawili ya Kigiriki: ergon, yaani kazi, na nomos, yaani kanuni au sheria. Jina hilo halikuenea wakati ule. Lilizaliwa upya nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, pale K. F. H. Murrell na wenzake walipoanza kukutana mwaka 1949, na mwaka 1959 likaundwa shirikisho la kimataifa la vyama vya elimu hiyo.

Kwa Kiswahili tumekutana na mapendekezo matatu: sayansi ya kazi, elimu ya mazingira ya kazi, na ergonomia.

Pendekezo la kwanza linavutia kwa sababu ni la Kiswahili kitupu na lakaribia asili ya Kigiriki. Hata hivyo lina kasoro kubwa. Frederick Winslow Taylor, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1911 kitabu chake juu ya kanuni za uendeshaji wa kisayansi, naye alidai kuwa ameifanya kazi kuwa sayansi. Mizani yake ilikuwa saa ya kupimia muda, na swali lake lilikuwa ni kiasi gani mtu anaweza kutoa kwa siku. Ergonomia huuliza pia ni kitu gani kazi inamfanyia mtu. Tukisema "sayansi ya kazi" tunawatia wote wawili katika gunia moja, kisha tunamwachia msomaji kazi ya kuwatenganisha.

Pendekezo la pili limeenea zaidi, nalo ndilo baya zaidi. Kwa mtumishi wa serikali maneno "mazingira ya kazi" yana maana pana na iliyokwisha kuota mizizi: nyumba ya mtumishi, usafiri, ofisi isiyovuja, hata uhusiano wake na mkubwa wake. Tukisema kwamba kiwanda fulani kimeboresha mazingira ya kazi, huenda kimepaka rangi ukuta na kufungua kantini. Hayo ni mema, lakini fundi bado anainama vilevile.

Kwa maoni yetu, ergonomia ibaki. Ni neno la kimataifa, lafuata njia ya sauti zetu, na ndugu zake wa aina ya ekolojia na ekonomia wamekwisha kupokewa katika maandishi. Lakini tuweke masharti mawili. Kwanza, kila linapotajwa mara ya kwanza katika maandishi ya umma lifuatwe na fasili fupi: elimu ya kuifanya kazi, zana na mahali pake vimfae mtu. Pili, tuache kabisa desturi ya kulifanya kivumishi cha kusifia bidhaa. Matangazo husema "kiti cha kiergonomia" kana kwamba sifa hiyo imo ndani ya kiti chenyewe. Kiti peke yake hakina sifa hiyo. Kinamfaa fulani au hakimfai. Kiti kinachomfaa mtu mrefu chaweza kumning'iniza mfupi miguu hewani. Afisa ugavi akitaka kuandika zabuni, na aandike anachokitaka: kiti ambacho kikalio chake chapandishwa na kushushwa, chenye egemeo la mgongo. Hapo hata muuzaji hatapata mwanya wa kujificha.

Kituo, nafasi, mahali au meza?

Sasa tuje kwenye jina la mahali penyewe: pale mtu mmoja anaposimama au kukaa, pakiwa na kilicho mbele yake, zana zake, masanduku ya vipande vyake, taa yake na kikalio chake. Wafasiri wengi huandika "kituo cha kazi". Neno kituo lina asili njema, kwani latokana na kutua. Lakini "kituo cha kazi" kwa mtumishi wa Tanzania ni pale alipopangiwa: wilaya, shule, zahanati. Mtumishi huripoti kituo cha kazi, huhama kituo cha kazi, huacha kituo cha kazi bila ruhusa. Sasa mwambie afisa utumishi kwamba kila mfanyakazi apewe kituo cha kazi kinacholingana na urefu wake, uone atakavyokutazama.

Wengine, kwa kukwepa mtego huo, huandika "nafasi ya kazi". Wameangukia shimo jingine, kwa sababu nafasi ya kazi ni ajira inayotangazwa gazetini. "Mahali pa kazi" pamekwisha kuchukuliwa na sheria kwa maana ya kiwanda kizima au ofisi nzima, na limo hata katika jina la Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. "Meza ya kazi" ni dhahiri na yaeleweka, lakini ni finyu. Anayefunga kiti ndani ya lori, akiwa amejipinda mlangoni, hana meza. Hata "kituo cha mtendaji" hakifai, maana mwananchi atadhani ameelekezwa kwa mtendaji wa kata.

Tunapendekeza njia mbili zitumike pamoja. Njia ya kwanza ni kutaja kituo kwa tendo lake badala ya neno pana la kazi: kituo cha kufungia magurudumu, kituo cha kukazia nati, kituo cha kushonea kola, kituo cha kulehemia. Kauli ya kutendea katika lugha yetu yafanya kazi hii kwa wepesi, na hakuna mtumishi atakayedhani amehamishiwa huko. Njia ya pili ni kupata jina la jumla kwa matumizi ya kitaaluma. Lugha yetu ina mtindo wa kuunda majina ya vitu vya kutendea kutokana na kauli hiyohiyo: kalia hutoa kikalio, egemea hutoa kiegemeo. Kwa mtindo huo, tendea hutoa kitendeo. Kitendeo kitakuwa mkusanyiko wote unaomzunguka mtu mmoja afanyapo tendo moja: uso wa kufanyia, kikalio, zana, vipande na mwanga. Atakayesema kwamba kinafanana mno na kitendea kazi hajakosea. Lakini kitendea kazi ni zana moja moja, na tofauti hiyo inaweza kufundishwa kwa fasili. Ikiwa wasomaji wataliona neno hili kuwa zito, njia ya kwanza yatosha kwa mabango yote ya kiwandani.

Kukusanya, kuunganisha, kuunda

Kwa tendo lenyewe la kutengeneza kitu kizima kutokana na vipande, kuna vitenzi vitatu vinavyogombana.

Kukusanya ni kosa la kamusi. Mfasiri ameona neno la kigeni lenye maana mbili, akachukua ya kwanza. Tunakusanya kuni, kodi na watoto waliotawanyika. Vipande vya gari vikikusanywa vinakuwa rundo.

Kuunganisha ni sahihi. Kinatokana na kuunga, kitenzi ambacho mganga wa mifupa na fundi bomba wanakitumia bila ugomvi. Kinataja hasa kinachofanyika: kipande hiki kinashikana na kile kwa nati, parafujo, gundi au moto.

Kuunda ni neno lenye heshima ya pwani. Jahazi huundwa, na fundi wake huanza na mti na kumaliza na chombo majini. Kwa hiyo kuunda kunabeba maana ya kukifanya kitu kutoka katika mali ghafi yake. Ni kwa maana hiyo tunasema pia kuunda kamati na kuunda istilahi. Magazeti huita kiwanda kilekile "cha kuunda magari" leo na "cha kuunganisha magari" kesho. Tofauti hii si ya mapambo. Kiwanda kinachopokea vipande vilivyokwisha kutengenezwa ng'ambo, vimefungwa kreti, kinaunganisha. Kikiitwa cha kuunda, msomaji atadhani chuma, injini na vioo vyatoka hapahapa, na mjadala wa ushuru na ajira utaanzia mahali pasipo pake. Tushike kwamba kuunganisha ni kushikanisha vipande vilivyo tayari, na kuunda ni kufanya tangu mwanzo.

Kuhusu mpangilio wa watu na kazi, "mstari wa kuunganisha" ndiyo tafsiri iliyozoeleka. Mstari ni alama ya kalamu juu ya karatasi. Safu ni ya watu au miti. Lililo muhimu katika mpango huu, tangu ulipoanzishwa kwa magari katika kiwanda cha Ford huko Highland Park, Marekani, mwaka 1913, ni kwamba kazi inasogea na mtu anabaki. Kitu hicho kwa Kiswahili ni mkondo. Mkondo huenda kwa mwendo wake, hauningojei, na mwenye kuchelewa hupitwa. Mkondo wa kuunganisha, basi, ni mpango wote, na mkanda ni kile kifaa kinachobeba. Neno "laini", linalosikika viwandani kwa kufuata Kiingereza, halina dhambi katika mazungumzo, ila katika maandishi lagongana na laini ya simu na laini isiyo ngumu.

Majina ya mwili na ya mkao

Hapa Kiswahili si maskini hata kidogo, na inasikitisha kuona tafsiri zikijifanya maskini. Miongozo mingi hutaja "mkao mbaya" na kuishia hapo. Ubaya gani? Lugha yetu inatofautisha kuinama, kujipinda, kuchutama, kuchuchumaa, kupiga magoti, na kuchuchumia, yaani kusimama juu ya vidole ili kufikia kilicho juu. Kila tendo lina dawa yake. Anayeinama anahitaji kazi ipandishwe. Anayechuchumia anahitaji rafu ishushwe au apewe jukwaa. Anayejipinda anahitaji sanduku la vipande lihamishwe kutoka nyuma lije mbele. Bango likisema "epuka mkao mbaya" limemlaumu mtu bila kumwambia mkuu wake anunue nini.

Kuhusu neno la jumla, "mkao" lishinde "msimamo". Msimamo siku hizi ni wa mtu katika mjadala, na anayeambiwa abadili msimamo wake atafikiri ameitwa kwenye kikao cha chama cha wafanyakazi.

Kwa umbali ambao mkono unafika bila mwili kuinama, tunakutana na "eneo la kufikika", maneno marefu yasiyoshikika. Tunapendekeza mfiko, kwa maana ya kadiri kitu kinavyoweza kufika: mfiko wa mkono. Kisha tuligawe: mfiko wa karibu ni ule wa mkono uliokunjwa kiwiko, nao ndio wa vitu vinavyochukuliwa kila mara, mfiko wa mbali ni ule wa mkono ulionyooshwa, wa vitu vya mara moja moja. Wazee wetu walikwisha kupima ulimwengu kwa mwili: shubiri, futuri, dhiraa, pima. Vipimo hivi viliachwa kwa sababu njema, kwa kuwa mkono wa Juma si mkono wa Asha. Lakini katika ergonomia tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Kwa hiyo elimu ya vipimo vya miili iitwe kwa uwazi "vipimo vya mwili", na mwalimu aianze kwa shubiri na dhiraa kabla ya kufika kwenye sentimita.

Vilevile kuna mfano wa nyumbani usiotajwa vya kutosha: mbuzi ya kukunia nazi. Kikalio na kisu ni kitu kimoja. Uzito wa mkunaji ndio unaoishika zana isiteleze, na mikono yote miwili inabaki huru kwa nazi. Hilo ni wazo la kitendeo kwa ukamilifu wake. Tusiutukuze kupita kiasi, kwa kuwa mbuzi ni fupi na mkunaji wa nazi nyingi atautambua mgongo wake. Mfano mmoja wafundisha mema na mabaya pamoja, na kwa mwalimu hiyo ni faida.

Neno linalohitaji onyo kali ni mshipa. Katika mazungumzo mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano inayoshikisha msuli kwenye mfupa, na tena ni ugonjwa wa ngiri. Tuangalie kinachotokea. Mtu anayekaza parafujo mchana kutwa, kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa, anaweza kufa ganzi vidole. Kifundoni pana njia nyembamba kati ya mifupa na utando mgumu. Ndani yake hupita neva moja kubwa pamoja na kano 9 za kukunjia vidole. Kano zikivimba, neva inabanwa. Ugonjwa huu umo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010. Lakini mgonjwa atasema "mshipa wa mkono unauma", na karani akiandika hivyo katika fomu, atakayeisoma hatajua kama ni damu, ni kano au ni neva. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu mwaka 2008, na dai la fidia husimama au huanguka kwa jina la ugonjwa. Kwa hiyo katika maandishi rasmi tutenge kabisa: mshipa kwa damu, neva kwa fahamu, kano kwa kile kinachounga msuli na mfupa. Mgonjwa aseme apendavyo. Karani asiandike apendavyo.

Kadhalika, "jeraha la kurudiarudia" ni tafsiri iliyokosa mahali pa kuegemea. Kinachorudiwa ni tendo. Jeraha halirudi, lipo tu na linazidi. Tuseme "maumivu yatokanayo na tendo la kurudiwarudiwa". Ni refu, lakini chanzo kinaonekana.

Nani amfae nani?

Tumefika kwenye kiini cha uhakiki huu. Kitenzi kulinganisha kina sura mbili: kupima viwili ili kuona tofauti, na kuvifanya viwiane. Tukisema "kulinganisha mfanyakazi na kituo", mlango uko wazi pande zote mbili, na katika kiwanda chenye haraka upande utakaochaguliwa ni ule wa bei nafuu: mtu ajikunje. Kuzoea na kuzoeza ni hatari zaidi, kwa sababu vinamtaka mwenye mwili ndiye ajifunze kuvumilia.

Historia yenyewe ina mfano. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 Henry Ford alieleza kwamba mwanzoni mwa mwaka 1914 mikondo ya kuunganisha iliinuliwa kutoka sakafuni: mmoja ukawekwa kimo cha inchi 26 na robo tatu, na mwingine inchi 24 na nusu, yaani kama sentimita 68 na 62, ili kufaa vikosi vya watu warefu na wafupi. Muda wa kuunganisha fremu moja, ambao hapo awali ulikuwa zaidi ya saa 12, ukashuka hadi saa 1 na dakika 33. Kimo kilimfaa mtu, ni kweli, na kuinama kulipungua. Lakini lengo lililotajwa lilikuwa muda. Mtu alipunguziwa kuinama ili aongezewe mwendo, kisha mwendo huo ukawa mzigo mpya.

Miaka 60 baadaye, kiwanda cha Volvo kilichofunguliwa Kalmar, Uswidi, mwaka 1974 kilijaribu njia nyingine. Gari lilibebwa juu ya kichukuzi chenye kujiendesha, na liliweza kulazwa ubavu ili anayefanya kazi chini yake asinyanyue mikono na shingo juu kutwa nzima. Kazi ilipewa vikundi badala ya mtu mmoja mmoja. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1994, na sababu za kufungwa kwake zimejadiliwa sana. Kwetu lililo muhimu ni swali la sarufi: huko Kalmar kilichogeuzwa ni gari, na mtu akabaki wima. Sentensi zetu nazo na zigeuze gari.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kabisa, nacho ni kufaa chenyewe. Kinachukua kiambishi cha mtendwa bila taabu: kazi imfae mtu. Hapo hakuna shaka nani ni kipimo. Kitenzi kurekebisha nacho ni chema, kwa sharti kwamba kinachofuata kiwe kitu: kurekebisha kimo, kurekebisha mwanga, kurekebisha mwendo wa mkanda. Kisiandikwe kamwe "kumrekebisha mfanyakazi".

Limebaki kosa la tatu, kumficha mwenye wajibu. Kauli ya kutendwa hupendwa mno na wafasiri: "kiti kirekebishwe", "taa ziwekwe". Na nani? Mfanyakazi akisoma bango hilo atadhani ni yeye, msimamizi atadhani ni fundi wa matengenezo, na fundi atangoja barua. Tuandike: "Mwajiri ahakikishe kwamba..." au "Msimamizi wa zamu apandishe...". Kitabu cha Shirika la Kazi Duniani kuhusu ergonomia, kilichotoka mwaka 1996 na kurudiwa mwaka 2010 kikiwa na vipengele 132, kimekipa kila kipengele kichwa cha agizo kinachoanza kwa kitenzi. Mfasiri wa Kiswahili hushawishika kugeuza maagizo ya namna hiyo kuwa majina: "Urekebishaji wa kimo cha kufanyia kazi". Kwa kufanya hivyo agizo limekuwa mada ya semina. Abaki na kitenzi: "Weka kimo cha kazi kwenye usawa wa kiwiko cha kila mfanyakazi, au chini yake kidogo." Kazi nzito yataka kimo cha chini zaidi, na kazi ya vipande vidogo vinavyotazamwa kwa karibu yataka kimo cha juu kidogo, hayo yafuate katika maelezo.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wayapime yafuatayo.

(a) Ergonomia: litumike kwa jina la elimu pamoja na fasili yake, na lisitumike kusifia bidhaa.

(b) Kituo: kitajwe kwa tendo lake. "Kituo cha kazi" kiachiwe maana yake ya kiutumishi. Kitendeo kijaribiwe kwa matumizi ya kitaaluma.

(c) Kuunganisha: kwa vipande vilivyo tayari. Kuunda: kwa kufanya tangu mwanzo. Kukusanya kuachwe katika fani hii.

(d) Mkondo wa kuunganisha: kwa mpango wote. Mkanda: kwa kifaa.

(e) Mkao, mfiko wa karibu na mfiko wa mbali, vipimo vya mwili.

(f) Mshipa, neva na kano visichanganywe katika fomu yoyote.

(g) Kufaa na kurekebisha vichukue nafasi ya kulinganisha na kuzoeza, na mwenye wajibu atajwe.

Huenda mtu akasema kwamba mfanyakazi hatibiwi kwa sarufi. Ni kweli, wala sarufi haipandishi meza. Lakini meza haipandishwi mpaka mtu mmoja amwandikie mwingine barua, na barua hiyo ifahamike. Mkaguzi huandika, meneja husoma, afisa ugavi hununua, hakimu huamua, na wote hawa hufanya kazi kwa maneno kabla ya spana kushikwa. Neno likimtaja mtu kuwa ndiye kasoro, litapita kwa wote hao likimlaumu yeye. Likitaja meza, litafika kwa seremala. Tunawakaribisha wasomaji walete mapendekezo yao, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, ambao huyasikia maneno ya kazi yangali moto kabla hayajafika mezani kwetu.